Barua Niliyomwandikia Mjomba wa Riziki

Nawaonea wivu. Nianze hapo, maana mkinisoma mpaka mwisho mtajua kwamba wivu ndio ugonjwa wangu, na sasa nimeshastaafu sioni faida ya kuuficha. Nawaonea wivu kwa miaka yenu, kwa magoti yenu yanayopanda ngazi bila kulalamika, na zaidi kwa simu zenu. Siku hizi mtoto akikosa shule, mwalimu wa darasa anamtumia mamake ujumbe kabla kengele ya pili haijalia. Mimi nilikuwa natoka shuleni kwa mguu, jua la saa nane utosini, nikifika Mtongwe naambiwa mama ameenda sokoni, nirudi kesho.

Mwalimu mkuu wenu, ambaye nilimfundisha Kiswahili na akanitia taabu, ameniomba niwaandikie nyinyi walimu wapya jambo la kuwasaidia kuwashika wanafunzi walio karibu kututoka mikononi. Alitaka vidokezo kumi. Sina kumi. Nina vitatu vinne hivi na kosa moja kubwa, na nitawapa vyote kwa mchanganyiko kama mwenyewe nilivyovipata.

Wa kwanza kumwonea wivu kazini alikuwa Mwalimu Athumani, Mungu amrehemu. Chuo kilinitema moja kwa moja mpaka shule moja ya Changamwe, jirani na matangi ya mafuta, ambako malori yakipita hata chaki inatetemeka mkononi. Mwalimu Athumani alikuwa mzee wa Hesabu, mfupi, shati limetoka nje, na sauti yake haikufika dawati la tatu. Lakini kila mtoto aliyekuwa karibu kuacha shule aliishia mezani kwake. Mimi nilikuwa na sauti nzuri, nguo nzuri na vyeti vizuri, na hakuna aliyenijia ila kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Nikamfuata nimpeleleze. Nikagundua kwamba hamwulizi mtoto kwa nini hakuja shule. "Ukimwuliza hivyo umemfundisha uongo," aliniambia. "Mwulize, leo asubuhi nani alikuamsha?" Jaribuni, mtaona. Mmoja atakwambia mama, basi huyo mwache, ni mtukutu tu. Mwingine atasema anajiamsha mwenyewe kwa vile mama hajarudi kutoka zamu ya kiwandani. Wa tatu atanyamaza akatazama kiatu chake, na huyo ndiye wa kumfuata nyumbani kabla wiki haijaisha. Jambo jingine alilonifundisha ni kutazama kola. Kifua cha shati kikiwa kinang'aa na kola nyeusi kwa nyuma, mtoto anajifulia mwenyewe. Hakuna mtu mzima anayemgeuza akamtazama mgongo.

Siku aliyonituma peke yangu kumfuata mwanafunzi nyumbani niliharibu. Nilibisha hodi kwenye nyumba moja ya kupanga, akatoka mwanamke amejifunga leso, nywele zimeshika mvi, uso umechoka. Nikainama kwa adabu zangu zote. "Shikamoo nyanya. Mamake Charo yupo?"

"Mamake ni mimi," akasema. Upawa ulikuwa mkononi mwake na haukukaa mkononi muda mrefu.

Nilirudi shuleni mbio, kitabu cha rejista kichwani kama kofia ya chuma. Mwalimu Athumani alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanieleza jinsi wanavyofanya watu wanaoijua kazi. Ukifika nyumba ya watu amkia, kaa unapoonyeshwa, nyamaza, na mwenyewe atajitaja. Rejista iache shuleni, maana mzazi akiiona anadhani umekuja kumshtaki. Chai ukipewa, kunywa. Neno shule lisitoke kinywani mwako mpaka kikombe cha pili, kwa sababu kikombe cha kwanza ni cha mgeni na cha pili ni cha mtu wa nyumbani. Nimeifuata kanuni hiyo maisha yangu yote ya kazi na tumbo langu linaweza kutoa ushahidi.

Sasa tuvuke feri tuje huku kwetu Likoni, maana hapa ndipo kosa lenyewe lilipofanyika, katika miaka yangu ya mwisho mwisho kabla ya kustaafu.

Nilikuwa mwalimu wa ushauri katika shule ya upili ya kutwa. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya majembe na mipira iliyopasuka. Niliifagia, nikatundika pazia la maua, nikaweka viti viwili na birika. Wanafunzi wakaja. Wenye njaa walikuja, wenye mimba, wenye baba walevi, na wale waliokuwa wanataka tu mahali pa kulia bila kuchekwa. Nilikuwa nimempata Athumani wangu ndani yangu. Nilivimba kichwa, sikatai.

Riziki alikuwa kidato cha tatu alipoacha kuja. Msichana mrefu, mpole, mwenye mwandiko mdogo wa kubana kurasa. Nilimfuata kwao, nikakuta anaishi na nyanyake mzaa mama, Bi Mwanamisi, na tumbo limeshatokeza. Nilikunywa vikombe vitatu vya chai siku hiyo, kisha nikarudi mara nne. Bi Mwanamisi mwishowe akakubali kumlea mtoto baada ya arobaini ili mjukuu wake arudi darasani.

"Mie sina neno, mwanangu," aliniambia. "Mwenye neno ni mjombake. Yuko Changamwe, afanya kazi bandarini Kipevu kwenye makontena. Yeye asema msichana akishazaa, kalamu aiweke chini."

Mimi ni Mdigo wa hapa hapa. Sikuhitaji kuelezwa. Kwa wazee wetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dadake, na hata vijana wetu wanaojifanya wa kisasa humwogopa. Kwa bahati bibi alimbembeleza mwanawe, naye akakubali kwa shingo upande: Riziki amalize mtihani wa kidato cha nne, basi, asiombwe zaidi. Katika fomu ya shule, mahali pa mlezi, liliandikwa jina la mjomba huyo. Nililiandika kwa mkono wangu.

Riziki akajifungua likizo ya Desemba, mtoto wa kike, wakamwita Mishi. Februari alirudi darasani. Jamani, nilivyoringa! Nilimtaja katika mikutano ya walimu. Siku ya wazazi nilimsimamisha mbele ya watu wote wapige makofi, nikasema huyu ndiye aliyeanguka akainuka, mambo yake yote sasa yako sawa. Yeye alikuwa ametazama chini. Nikadhani ni haya.

Muhula wa pili akaja Mwalimu Kadzo.

Alikuwa Mgiriama wa kule Kaloleni, ana miaka ishirini na sita hivi, mwembamba, ana pengo dogo la meno ya mbele ambalo wasichana wote waliliona urembo. Alifundisha sayansi kimu, yaani upishi na ushonaji. Wiki ya kwanza aliniamkia vizuri, nikampenda. Wiki ya tatu nikaanza kuona kwamba saa nne, wakati wa mapumziko, mlango wangu haubishwi. Wanafunzi wangu wote walikuwa wamejazana chumba cha sayansi kimu. Wakitoka huko wanacheka. Kwangu walikuwa wanatoka wanalia, na mimi siku zote nilikuwa nimehesabu machozi kuwa ndiyo dalili ya kazi nzuri.

Hakuwa na mbinu yoyote ya chuoni. Aliwapa kitu cha kufanya kwa mikono. Huyu anamenya vitunguu, huyu anashona kifungo, na huku mikono inafanya kazi, midomo inasema. Msichana anayetazama sindano hana haja ya kukutazama machoni. Nendeni mkajaribu na hilo, ni kidokezo kizuri kuliko vyangu vyote, na imeniuma kukiandika.

Niliona wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Nilimwonea wivu kwa pengo lake. Nilimwonea wivu kwa jina lake kuitwa kutoka upande wa pili wa uwanja, "Mwalimu Kadzo! Mwalimu Kadzo!" Mimi nikipita, wanafunzi walisimama wima wakasema shikamoo. Nilikuwa nimepewa heshima yote na mwenzangu amepewa mapenzi yote. Lakini hao wengine ningewasamehe. Aliyenichoma ni Riziki. Na yeye alikuwa huko.

Ilikuwa Septemba, muhula wa mwisho. Nilizunguka nyuma ya chumba cha sayansi kimu kujifanya natafuta mlinzi wa geti, na ukweli ni kwamba nilikwenda kuchungulia nione wako wangapi. Nikasikia sauti ya mtoto mchanga. Nikatazama kupitia vioo vya dirisha. Riziki alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, ananyonyesha. Mwalimu Kadzo alikuwa anaandika ubaoni namna ya kupika biriani ya mboga, hana wasiwasi wowote. Na kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, alikaa Bi Mwanamisi, anakunywa chai kwenye kikombe cha shule.

Chai! Mimi niliyekunywa vikombe kwa vikombe nyumbani kwake, leo yeye anakunywa ya Kadzo, na hakuna aliyeniambia hata neno.

Baadaye nilikuja kujua kisa chote. Mishi alikuwa amekataa chupa, amekataa uji, anamtaka mamake. Riziki alikuwa akitoroka saa sita kila siku, maziwa yamemlowanisha kifua, anamwambia mwalimu wa zamu kwamba tumbo linamuuma. Katika rejista tulikuwa tumeandika mgonjwa, mgonjwa, mgonjwa, mstari mzima. Mimi, mwalimu wa ushauri, niliiona mistari hiyo na sikuuliza nani alimwamsha asubuhi, kwa sababu yeye alikuwa ushindi wangu na ushindi hauulizwi maswali. Kadzo ndiye aliyemwona anakamua maziwa kwenye sinki, akamwambia bibi alete mtoto saa nne kwa geti la nyuma.

Wakati ule sikujua hayo wala sikutaka kujua. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa wakati huo, mtu mrefu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na aliyeogopa kila kitu.

"Mtoto mchanga? Shuleni?" akasema. "Na wakaguzi wakija?"

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, Bwana Mkuu," nikasema. Na wallahi nilikuwa na sauti ya wasiwasi nzuri kabisa.

"Basi mwandikie mlezi wake aje tuongee."

Nikaandika. Nimefundisha Insha miaka mingi na barua ilitoka imenyooka. Nilisema kanuni haziruhusu mtoto mchanga kuletwa shuleni, nikasema mlezi afike ofisini. Halafu, bila kuambiwa na mtu, nikaongeza sentensi moja: kwamba mwanafunzi hataendelea na masomo mpaka mlezi amefika. Sisi walimu tunaipenda sana sentensi hiyo. Tunaiandika kila siku bila kufikiri. "Nenda kalete mzazi." Tunafikiri tunamwita mzazi, kumbe mara nyingi tunamwonyesha mtoto mlango, kwa sababu mzazi mwenyewe hawezi kuja, au hataki, au ndiye aliyekuwa anasubiri sababu. Na mimi nilijua anayeandikiwa ni nani. Nilikunja barua, nikaandika jina la mjomba juu ya bahasha, nikampa Riziki mwenyewe aipeleke. Aliipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Siku ya nne Mwalimu Kadzo akaja ofisini kwangu, mara yake ya kwanza, akasimama mlangoni.

"Dada, Riziki hajaja tangu wiki ilipoanza. Una habari zake?"

"Waniuliza mimi? Si mtoto wako?"

Akanitazama kama hakunisikia. "Wangu vipi? Si wewe ndiye uliyemrudisha shule? Kila siku ananisimulia ulivyokwenda kwao." Kisha akaniambia lililomleta. Mtihani wa vitendo, ule wa kupika mbele ya mtahini, ulikuwa umebakiza siku nane. Riziki alikuwa amesajiliwa masomo saba, idadi ya chini kabisa, kama tunavyowafanyia wote walio nyuma ili wasilemewe. Hakuwa na la akiba. Akikosa kupika siku hiyo, somo hilo limekwenda, na hilo moja likienda, cheti hakina alama ya jumla. Miaka minne, mimba, na yule mtoto, vyote vingekuwa bure kwa sababu ya asubuhi moja.

Alipoondoka nilifunga ofisi nikaenda kwa Bi Mwanamisi. Safari hii sikupewa chai.

"Alichukuliwa na mjombake siku ya Jumapili," bibi akasema. "Amsaidie mkewe kibandani huko Changamwe. Barua yenu aliisoma hapa hapa uani. Asema shule imemkataa, mwafanya kumhangaisha bure mtoto wa watu."

"Barua haikusema imemkataa, mama."

"Mie sijui kusoma, mwalimu. Niliona tu ina mwandiko mzuri."

Nilirudi nyumbani nikiwa na mashauri mawili kichwani. La kwanza, na nawaambia bila kuficha, lilikuwa niende Changamwe peke yangu, nimrudishe Riziki mimi, watu waone ni mimi. Hata wakati huo! Nyumba inaungua na mimi natafuta nani atasifiwa kwa kubeba ndoo. La pili lilikuwa kumwambia Kadzo. Nililikalia hilo la pili mpaka asubuhi ya Ijumaa, nikamkuta anapanga sufuria, nikamwambia barua niliiandika mimi, nikamwambia na sababu.

Aliendelea kupanga sufuria. Alipanga kubwa ndani, ndogo juu, akazitoa tena akazipanga upya.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Mwandiko wako unajulikana shule nzima. Nilifikiri umeandika kwa ajili ya kanuni." Akafuta mikono. "Kesho tutavuka saa ngapi?"

Kwenye feri hakuongea nami. Alisimama upande wake, nami upande wangu. Alinunua njugu, akanimiminia nusu kiganjani bila kunitazama. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Kibanda kilikuwa kando ya barabara ya malori, moshi wa dizeli na moshi wa mkaa vimechanganyika hata hujui unakohoa nini. Riziki alikuwa anasukuma chapati, Mishi amefungwa mgongoni kwa leso. Alipomwona Kadzo uso ulimfunguka. Aliponiona mimi nyuma yake ukafunga. Nililiona hilo waziwazi, na bado, katika dakika ile ile, nilisikia wivu umenipanda.

Mjomba alikuwa hayuko kazini siku hiyo. Alikuwa mtu wa makamo, mikono mikubwa, mwenye adabu. Alitupa viti, tukaamkiana, tukaulizana hali za wazee. Chai ikaja. Nikanywa kikombe cha kwanza. Cha pili hakikuja, nikajua nina muda mfupi.

"Walimu," akasema, "mie sikumtoa shule. Mumemtoa nyinyi. Barua ninayo." Akaitoa mfukoni, imekunjwa vizuri. "Yasema hataendelea. Mie nilikubali asome, shingo upande lakini nilikubali. Nyinyi mukaniandikia hivi. Sasa mwataka nini?"

Mwalimu Kadzo akafungua kinywa aseme, nami nikamtangulia, kwa sababu hilo halikuwa lake.

"Barua hiyo, kaka, kanuni ni kisingizio. Mwalimu huyu alimsaidia mtoto wenu anyonyeshe, mimi nikaona wivu kwamba sikusaidia mimi. Niliandika kwa wivu. Ile sentensi ya mwisho hakuna aliyeniagiza. Shule haikumkataa. Ni mimi."

Chapati ikaanza kuungua. Hakuna aliyeigeuza. Mke wa mjomba alikuwa ameshika mdomo. Mjomba akasema polepole, "Mwalimu mzima?"

"Mwalimu mzima," nikasema.

Riziki ndiye aliyeiondoa chapati. Akasema huku amenipa mgongo, Mishi ananitazama kutoka humo mgongoni, "Ningekwambia weye kwanza, mwalimu. Lakini uliniambia mbele ya watu wote kwamba mambo yangu yako sawa. Ningekujaje kukwambia hayako sawa?"

Andikeni hilo mahali. Mtoto unayemsifu kupita kiasi umemfungia mlango wako, maana hatathubutu kukuletea tatizo akakuharibia sifa. Nilifanya kazi ile miaka mingi na sikulijua mpaka nilipoambiwa na msichana mwenye unga mpaka viwikoni.

Mjomba aliuliza swali moja tu, na lilikuwa la haki. "Mamangu magoti yamemwisha. Kila siku kwenda na kurudi na mtoto, hawezi. Siku za mtihani huyu mtoto atashikwa na nani?"

"Na mimi," nikasema.

"Weye?"

"Mimi niliyeandika."

Akaitazama tena ile barua, kisha akaitia jikoni kwenye mkaa. Hakusema ndiyo. Alimwambia mkewe aniletee kikombe cha pili.

Kulikuwa na kazi ya kumweleza mwalimu mkuu. Alinikodolea macho. "Mwalimu Mwanakombo, wewe ndiye uliyeleta mashtaka ya mtoto, na wewe ndiye unaleta mtoto?" Nikasema ndiyo, na kama wakaguzi watakuja wataniona mimi, pazia la maua na birika. Alikuwa amechoka na mimi, akakubali.

Siku ya kupika nilikaa kwenye ofisi yangu nimempakata Mishi. Ofisi iko mbali na chumba cha mtihani lakini harufu ya vitunguu vya kukaangwa ilifika. Mishi aliinusa, akajua, akaanza kulia. Alilia kwa saa nzima na zaidi. Nilimwimbia nyimbo zote za kwetu, nikampa funguo, nikampa kipenga cha michezo. Kadzo alipita dirishani, maana mwalimu wa somo haruhusiwi ndani wakati mtahini yupo, akanyoosha mikono, na mtoto yule akanyamaza papo hapo akamwendea anacheka. Hata yeye! Nilimwambia Kadzo amrudishe. Nilikuwa nimeahidi nitamshika mimi, awe analia au halii. Kadzo akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, akanirudishia, na kilio kikaanza upya.

Tulikwenda hivyo mpaka karatasi ya mwisho, wiki baada ya wiki. Mishi alinizoea kwa kunivumilia. Wanafunzi wengine walianza kupita ofisini kumchezea, na wakishamshika mtoto mikononi, midomo yao ikawa inasema. Nikawaacha waseme. Sikumtaja yeyote katika mikutano.

Riziki alipata alama za kumpeleka chuo cha uuguzi. Si alama za kuandikwa gazetini, lakini zilimtosha. Alikuja shuleni kuchukua cheti akiwa amevaa buibui jipya, Mishi mkononi, ana mwaka na miezi, mzito sana, na siku hiyo alikuwa amegoma kutembea. Nilimwona kutoka dirishani anaingia geti. Nikasimama, nikatengeneza mtandio wangu, nikaweka maji ya chai. Kwa mwendo aliokuwa nao angeweza kuja kwangu au kwenda sayansi kimu.

Alikuja kwangu. Moyo ulinidunda, msicheke. Alibisha hodi, akanipa shikamoo, akanionyesha cheti, nikakisoma mara mbili. Nilifungua kinywa nimwambie jambo, sijui lipi, la kuomba radhi au la kusifu.

"Mwalimu, nishikie Mishi kidogo," akasema. "Naenda kupiga picha na Mwalimu Kadzo."

Akaniwekea mtoto mapajani, akatoka mbio, buibui linapepea. Nikasikia kule uwanjani jina la Kadzo linaitwa. Wivu ukaja ule ule, na Mishi akaanza kunivuta mtandio. Nikamshika vizuri, nikamgeuza atazame dirishani, nikamwonyesha mamake.